Trauti, Samaki Mgeni wa Mito ya Meru

Safari hii twataka kuwapasha habari za samaki mmoja ambaye wengi wetu tumesikia jina lake, wachache wamemtia machoni, na wachache zaidi wamemla. Jina lake ni trauti. Yeye si mzalia wa nchi hii. Aliletwa, kama ilivyoletwa kahawa na kama ulivyoletwa mkalitusi, akatiwa katika mito yetu na wenye mito wasiulizwe neno. Lakini kwa kuwa amekwisha kuwa jirani, yatupasa tumjue.

Mtu atokaye Arusha mjini kushika njia ya Moshi huvuka mito mingi katika mwendo mfupi. Themi wapita katikati ya mji wenyewe. Mbele yake yuaona Nduruma, na Tengeru, na Malala, na Usa, na Maji ya Chai. Yote yazaliwa katika msitu wa Mlima Meru, ambao kilele chake chapita mita 4,500, na yote yateremka mbio kuelekea kusini hata yaingie katika mto mmoja, ndio Kikuletwa. Kikuletwa nao huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, hukutana humo na maji ya Ruvu, na maji yakitoka bwawani huitwa Pangani mpaka baharini. Basi mtu aliyeketi Pangani mjini akinawa mikono mtoni, labda ananawa maji yaliyopita chini ya migomba ya Akeri.

Si kila mahali pa mito hiyo pamfaapo trauti. Yeye ni samaki wa maji ya baridi. Maji ya nyuzi 10 hata 16 za Selsiasi humpendeza sana. Yakizidi 20 huacha kula na kuwa mnyonge. Yakifika 25 na kukaa hivyo, mara nyingi hufa. Sababu yake ni hewa. Samaki naye huvuta hewa, ile iliyoyeyuka ndani ya maji, kwa mashavu yake. Na maji yakipata joto hewa hiyo huyatoka, kama mapovu yatokavyo katika sufuria kabla haijachemka. Sisi huhema tukipanda mlimani. Trauti huhema akishuka bondeni. Kwa hiyo makao yake ni huko juu karibu na msitu, penye maporomoko madogo na vidimbwi vya kivuli, mahali ambapo mtu akitia mguu hulia kwa baridi. Chini, kwenye Kikuletwa yenyewe na katika bwawa, wenyeji ni perege na kambale, nao hawana haja na baridi hiyo.

Wako wa namna mbili waliojulikana katika Afrika ya Mashariki. Wa kwanza ni trauti wa kahawia, asili yake Ulaya. Ana madoadoa meusi na mekundu yaliyozungukwa na duara nyeupe. Wa pili ni trauti wa upinde wa mvua, asili yake mito ya Marekani iingiayo bahari ya Pasifiki; huyu ana mstari wa rangi ya waridi ubavuni, toka shavuni hata mkiani, na madoa madogo meusi kama pilipili manga iliyonyunyizwa. Magamba yake ni madogo mno, hata mtu asiyejua hudhani hana.

Samaki huyo alifikaje mlimani, na bahari i mbali, na mito yote yateremka? Jibu ni kwamba hakuja mwenyewe, yalikuja mayai. Mayai ya trauti yana tabia ya ajabu: yakiwekwa katika baridi, hayaharibiki wala hayaharakishi kuanguliwa, hungoja. Katika maji ya nyuzi 10 mayai ya trauti wa upinde wa mvua huanguliwa kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Katika maji ya baridi zaidi hukawia sana. Wazungu walipoitambua tabia hiyo wakaitumia. Mwaka 1864 merikebu iitwayo Norfolk ilichukua mayai ya trauti kutoka Uingereza, yamefungwa katika kuvumwani na kuzungukwa na barafu, ikavuka nayo ukanda wa jua kali hata Australia, kisha yakapelekwa Tasmania iliyo karibu, nayo yakaanguliwa huko salama.

Katika nchi jirani ya Kenya kazi hiyo ilifanywa mwaka 1905. Bwana mmoja Mwingereza, Ewart Grogan, aliagiza mayai kutoka ziwa la Loch Leven katika Uskoti, nayo yakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Huyu Grogan ndiye yule aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Rasi ya Tumaini Jema mpaka Misri, nasi watu wa Arusha twaambiwa kila siku kwamba mnara wetu wa saa u katikati hasa ya njia hiyo, ingawa hatujamwona aliyepima kwa kamba. Jina la Grogan limeandikwa vitabuni. Lakini mayai yale hayakupanda mlima kwa miguu ya Grogan peke yake. Yalichukuliwa na wapagazi, vichwani, juu ya milima yenye matope na ukungu, nao walikuwa wakichukua mzigo usiopaswa kutikiswa wala kupata joto, na ndani yake mna vitu kama ulezi, ambavyo waliambiwa kwamba ni samaki. Majina yao hatukuyaona popote. Twasema hivi kwa sababu kazi ilikuwa yao.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza, trauti wakatiwa pia katika mito ya Kilimanjaro na ya Meru, na katika nyanda za juu za kusini. Hawakutiwa kwa ajili ya chakula cha wenyeji. Walitiwa kwa ajili ya mchezo: mabwana wa mashamba na maofisa wa serikali walitamani kuvua kama walivyovua kwao. Nao wazee wetu hawakuona wivu kwa jambo hilo, maana Waarusha, sawa na ndugu zao Wamasai, hawakuwa walaji wa samaki. Kwa wafugaji wengi samaki alihesabiwa jamaa ya nyoka, na mtu mzima mwenye akili na ng'ombe zizini hakuona sababu ya kumtia nyoka kinywani.

Walakini juu ya maji yenyewe wivu ulikuwako, tena mkubwa. Maji ni uhai wa ndizi, wa mahindi na wa mifugo, na mashamba ya walowezi yaliuzunguka mlima kwa chini kama mshipi kiunoni, yakishika ardhi kati ya mto na mto. Habari za Engare Nanyuki zajulikana na kila nyumba ya Wameru. Jina hilo ni la Kimasai, maana yake maji mekundu. Mwaka 1951 watu wapata elfu tatu waliondolewa huko kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa, ili nchi ile wapewe wafugaji wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kunena kwa ajili ya watu wake. Kwa hiyo mtu akitusimulia kwamba siku zile mito ya Meru ilikuwa ya mchezo na raha, twamsikiliza kwa adabu, na twakumbuka pia upande wa pili wa ukingo.

Sasa tuje kwenye uvuvi wenyewe, ambao una ufundi wa kustahili sifa hata kwa mtu asiyependa mchezo.

Mvuvi wa pwani hutia chambo katika ndoana, hufunga chubwi, na uzito wa chubwi huupeleka mshipi. Mvuvi wa trauti hana chubwi. Chambo chake ni mdudu wa bandia: ndoana ndogo, pengine haizidi ukucha wa kidole cha mwisho, iliyozungushiwa uzi wa hariri na manyoya, ikafanana na nzi wa mtoni. Kitu hicho hakina uzito. Ukikitupa kwa mkono hakifiki hatua mbili. Basi uzito umewekwa katika mshipi wenyewe. Mshipi ni mnene, zamani wa hariri iliyopakwa mafuta, siku hizi wa plastiki, na mwisho wake umefungwa uzi mwembamba usioonekana majini, na mwisho wa uzi ndipo alipo nzi. Ufito ni mrefu na mwepesi wenye kupindika, hapo kale wa mianzi iliyopasuliwa na kugandishwa, leo wa kaboni. Mvuvi huurusha mshipi nyuma, hungoja kitambo unyoke wote hewani, ndipo huurudisha mbele. Kungoja huko ndiko kunakowashinda wanaojifunza. Mtoto aliyepata kuuliza mjeledi nyuma ya ng'ombe ataelewa upesi kuliko karani, kwa kuwa mjeledi nao ukivutwa kabla haujanyoka haulii.

Hayo ndiyo ya mkono. Yapo ya macho na ya miguu. Trauti hukaa ameelekeza kichwa kule maji yatokako, kwa sababu chakula chake huletwa na mkondo: mabuu ya wadudu, nzi walioanguka, visisimizi, na panzi. Huchagua mahali nyuma ya jiwe ambapo maji hupunguza nguvu, akangoja hapo kama mtu aliyekaa kando ya njia ya sokoni. Kwa hiyo mvuvi mwenye akili humjia kutoka chini, kwa nyuma. Haangushi kivuli chake juu ya kidimbwi, wala hapigi mguu chini, maana mshindo wa ukingoni husikika majini. Huvaa nguo za rangi ya majani. Humtupa nzi mbele ya samaki, hatua mbili tatu, amwache ateremke na maji mwenyewe pasipo kuvutwa. Nzi akikokotwa na mshipi dhidi ya mkondo, hata samaki mchanga hutambua uongo, maana hajaona bado mdudu apandaye maporomoko.

Wako nzi wa kuelea na nzi wa kuzama. Wa kuelea hufungwa kwa manyoya ya shingo ya jogoo, yale membamba yenye kung'aa, kwani hayanywi maji upesi na nyuzi zake husimama juu ya maji kama miguu. Wa kuzama hufungwa kwa manyoya laini ya kuku jike, au kwa sufu. Ufundi huu si wa jana. Mwandishi mmoja wa Roma, Aelian, aliyeishi yapata mwaka 200, alisimulia jinsi watu wa Makedonia walivyovua samaki wenye madoa kwa ndoana iliyozungushiwa sufu nyekundu na manyoya mawili ya jogoo. Wasomaji wetu waijuao Makedonia kwa safari za Mtume Paulo huenda hawakudhani kwamba mitoni kwake palikuwa na shughuli kama hiyo.

Nasi tusidhani kwamba kazi ya kufunga nzi ni ya Wazungu tu. Katika Kenya ni kazi ya mikono ya Waafrika kwa miaka mingi sasa. Wanawake na wanaume huketi mezani na jiliwa dogo la kushikia ndoana, mkasi, na mafungu ya manyoya, wakafunga nzi kwa mamia, nao hupelekwa Ulaya na Marekani kuuzwa. Wengi wa mafundi hao hawajapata kumshika trauti hata mmoja. Huijua sura ya mdudu kwa sampuli iliyowekwa mbele yao. Nzi akifungwa vibaya hukataliwa. Atakiwa awe sawa na wenzake kwa urefu wa bawa na idadi ya mizunguko ya uzi. Kina mama wanaofuma vitambaa wakauza katika soko la Tengeru wataona mara moja kwamba kazi hii ni ndugu ya kazi yao, na kwamba hapa Arusha, penye jogoo katika kila ua na wageni wengi wapitao kila mwaka kuuona mlima, haijapata kushikwa kwa bidii.

Atakaye kuvua asiende kwa kujiendea. Sehemu ya juu ya mlima ni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto na kuongezewa Mlima Meru mwaka 1967. Humo mtu haingii na ufito wake kama aendaye shambani. Nje ya hifadhi mna msitu wa serikali na mashamba ya watu. Kibali huombwa kwa maofisa wa uvuvi na kwa mwenye mahali.

Aliyempata samaki kwa halali na ampike mapema, maana nyama yake ni laini na huharibika upesi. Hupasuliwa tumboni mara moja, hutolewa matumbo, hukwanguliwa ile damu nyeusi iliyolala kwenye uti wa mgongo, huoshwa kwa maji ya baridi. Hana haja ya viungo vingi. Chumvi, maji ya ndimu, unga kidogo, kisha mafuta ya moto, upande mmoja na upande wa pili mpaka ngozi ikauke. Nyama ya wengine huwa nyeupe na ya wengine nyekundu-nyekundu. Wekundu huo watoka katika wadudu wenye magamba na kamba wadogo aliowala, si dalili ya ubovu. Mifupa yake midogo ni mingi, wapewe watoto kwa uangalifu.

Twarudi kwenye maji. Mgeni huyu anaposifiwa, na isemwe pia hasara yake. Trauti ni mlaji mkali. Katika mito ambayo haikuwa na samaki wakubwa huwala mabuu, vyura na samaki wadogo wa asili ambao hawakufundishwa na wazazi wao kumkimbia. Wataalamu wa viumbe duniani wamewaandika trauti wa namna zote mbili katika orodha ya viumbe wageni 100 walio wabaya kuliko wote. Kwa hiyo hatumshauri mtu awahamishe kwa ndoo, awatie katika kijito kisicho nao, eti kwa kuwa kijito ni kizuri. Afugaye katika bwawa lake alizibe vema.

Lakini liko jambo moja ambalo samaki huyu hutufaa bila kutaka, nalo ni kushuhudia. Kijito kikiwa na kivuli, maji huwa baridi, na trauti huishi. Miti ya ukingoni ikikatwa, jua hupiga maji. Udongo hushuka na mvua, hufunika zile changarawe ambazo jike huzichimba kwa mkia ili ayafukie mayai yake, na mayai hufa kwa kukosa hewa. Mifereji yetu ikinyonya mto wote wakati wa kiangazi, kidimbwi kinachobaki huwa vuguvugu. Mifereji si haramu. Wameru na Waarusha waliishi kwa mifereji tangu zamani, nayo ilikuwa na wazee wake, na zamu zake, na faini kwa mwenye kufungulia maji usiku yasipokuwa yake. Siku hizi watu wamezidi sana, mji umepanda mpaka mlangoni mwa msitu, zamu zinadharauliwa, na wa chini ya mto hulala wakisikiliza kama maji yanakuja. Tangu mwaka 1991 iko ofisi ya maji ya bonde la Pangani ya kugawa vibali. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni hatua themanini hivi za mtu mzima. Na kila mwenye shamba mtoni atoke asubuhi, azihesabu hatua zake toka majini, aone jembe lake li wapi. Sisi tumezihesabu katika mahali pengi, na mara nyingi hatukumaliza hatua kumi pasipo kukanyaga vitunguu au nyanya.

Hata hivyo shahidi huyu hajui kila kitu, na hapa twawaomba akina mama wasome polepole. Yamkini maji ni safi, baridi, yanang'aa, na samaki wamo, nayo yasifae kunywewa na mtoto. Mlima Meru ni mlima wa moto, uliotoa moto mara ya mwisho mwaka 1910, na mawe yake yana madini yaitwayo floridi. Maji yakipita katika mawe hayo huichukua. Maji ya Chai, Engare Nanyuki na maziwa ya Momella yajulikana kwa wingi wa floridi. Haionekani kwa macho, haina harufu. Shirika la Afya la Dunia lasema isizidi miligramu 1.5 katika lita moja, na huku kwetu mahali pengi huzidi mbali. Watoto wanaoyanywa hali meno yao bado yaumbwa ndani ya ufizi, yaani kabla ya miaka minane, meno yao hutoka na rangi ya kahawia ambayo mswaki hauiondoi. Na wanaoyanywa sana kwa miaka mingi, mifupa huwaumiza, na wengine miguu hupinda. Watu wamewacheka watoto hawa kana kwamba ni wachafu, na wasichana wengine hufunika kinywa kwa mkono wakicheka. Ni maji, si uchafu.

Kuchemsha hakusaidii kwa jambo hili. Kuchemsha huua vijidudu vya kuhara, na yafaa kuendelea; lakini floridi haifi kwa moto, na maji yakipungua kwa mvuke yenyewe hubaki, ikawa nyingi zaidi katika kilichosalia. Dawa inayotumika kwetu ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliochomwa kwa kipimo na kusagwa, ambao maji hupitishwa ndani yake ukaishika floridi. Iko stesheni ya utafiti huko Ngurdoto inayoshughulika na kazi hiyo, nayo huwaonyesha watu jinsi ya kuutumia katika ndoo za nyumbani. Mkaa huo huchoka baada ya muda, lazima ubadilishwe. Na kwa mtoto mchanga, na kwa mama anayepika uji wa mtoto aliyeachishwa ziwa, maji ya mvua yaliyokingwa kutoka bati safi, mvua ya kwanza ikiisha kuosha vumbi, hayana madini hayo. Yahifadhiwe katika pipa lenye kifuniko, yachemshwe, yawekwe mbali na yale ya kufulia.